Leba Mbili za Nairobi na Macho ya Watoto

Tafiti ambazo madaktari duniani huzirejelea wanapoandika juu ya macho ya mtoto mchanga ni chache, na baadhi ya zile nzito zaidi zilifanywa katika leba mbili za Nairobi na viunga vyake. Moja ni ya Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, mashariki kidogo ya katikati ya jiji. Nyingine ni ya Hospitali ya PCEA Kikuyu, yapata kilomita 20 upande wa magharibi, ukishazipita Kangemi na Uthiru. Nairobi hujisifu kwa matatu zake na kwa mbuga ya simba iliyo mlangoni mwa jiji. Hili la macho halisemwi. Naona linafaa kusemwa, kwa sababu swali linaloulizwa kila siku kwenye chemisti za Kawangware na Dagoretti, kwamba mtoto mwenye macho ya usaha atiwe matone au anyweshwe dawa, lilikwisha kupata jibu hapa hapa. Na jibu lenyewe silo lile ambalo wengi wetu tunalo kichwani.

Maziwa ya mama ni dawa kongwe ya macho katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Mtoto akiamka kope zimegandana kwa tongotongo, mama humkamulia matone mawili matatu, akampangusa kwa pamba, na mara nyingi mambo yakaishia hapo. Maziwa hayana dhara kubwa. Balaa lilikuwa kwenye maji ya majani na unga wa mitishamba uliotiwa jichoni pale ugonjwa ulipokataa kutoka. Madaktari wa macho wa kanda hii wamepokea watoto ambao konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, imebaki na kovu jeupe, na haijulikani ni ugonjwa ulioiunguza au ni tiba.

Ulaya ya karne ya 19 haikuwa na la kutucheka. Katika miji yake mikubwa, usaha wa macho ya watoto wachanga ulijaza shule za vipofu. Albert Neisser alikitambua kiini cha kisonono mwaka 1879, na muda si muda Carl Credé, daktari wa uzazi wa Leipzig, akaanza kutia tone la nitrati ya fedha katika macho ya kila mtoto aliyezaliwa hospitalini kwake. Ugonjwa uliokuwa ukimpata takribani mtoto 1 kati ya 10 ukashuka hadi chini ya 1 kati ya 100. Fikra aliyoiacha Credé ilikuwa nyepesi: jicho la mtoto hulindwa mlangoni, saa ile ile anapozaliwa, bila kungoja kujua kama mama anaumwa au haumwi. Dawa yenyewe ilikuwa na ukali wake. Iliwasha, ilifanya macho yavimbe siku ya kwanza, na chupa ikiachwa wazi maji yalikauka, nitrati ikazidi nguvu kiasi cha kuweza kuchoma jicho.

Hospitali zetu mbili zilianza katika enzi hiyo ya nitrati. Wamisheni wa Kanisa la Scotland walifungua hospitali Kikuyu mwaka 1908, na Daktari John Arthur ndiye aliyeikuza. Pumwani ilifunguliwa mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo. Kisha, baada ya Vita Vikuu vya Pili, penisilini ikaenea na tone la Credé likaanza kuonekana la kizamani. Kwa nini umwashe kila mtoto macho, ilhali wachache watakaougua wataponywa kwa sindano? Uingereza iliacha, na nchi nyingine za Ulaya zikaacha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto wa Pumwani nao walikuwa wakizaliwa bila kutiwa chochote machoni.

Hesabu hiyo ilitegemea penisilini kuendelea kufanya kazi, na haikuendelea. Mwaka 1976 vilitambuliwa viini vya kisonono vyenye kimeng'enya cha kuvunja penisilini, na miaka michache baadaye vilikuwa vimejaa Nairobi. Waliovihesabu walikuwa kundi la watafiti lisilo la kawaida. Chuo Kikuu cha Nairobi, katika idara ya maikrobiolojia aliyokuwamo Profesa Herbert Nsanze, kilikuwa kimewakaribisha Allan Ronald na Frank Plummer kutoka Manitoba, Kanada, pamoja na Peter Piot na Marie Laga kutoka Antwerp, Ubelgiji. Walifanya kazi na Wakenya kama J. O. Ndinya-Achola na muuguzi Elizabeth Ngugi. Wagonjwa wao wengi walitoka kliniki ya magonjwa ya zinaa ya River Road, ambayo wanaume wa mjini waliingia wakitazama nyuma, na mitaa ya Majengo, jirani na Pumwani. Dunia inawakumbuka kwa kazi yao ya UKIMWI. Lakini kabla UKIMWI haujatawala kila kitu, swali mojawapo lililowashughulisha lilikuwa hili: kisonono cha River Road kinaishia wapi?

Kiliishia machoni mwa watoto. Mwaka 1986 jarida la The Lancet lilichapisha hesabu yao. Katika kila watoto 100 waliozaliwa hai, karibu 4 walipata ugonjwa wa macho wa kisonono, na 8 ule wa klamidia. Mama akiwa na kisonono wakati wa kujifungua, mtoto alikuwa na uwezekano wa asilimia 42 wa kuambukizwa macho. Akiwa na klamidia, asilimia 31. Wakati huo Pumwani ilikuwa mojawapo ya hospitali za uzazi zenye shughuli nyingi kabisa Afrika, na wodi zake zilikuwa na watoto wa aina hii kila wiki. Aliyepata kisonono aliamka siku ya pili au ya tatu kope zimevimba kama ngumi, usaha ukibubujika. Kiini hicho kinaweza kutoboa konea katika siku chache tu. Klamidia hungoja, huja wiki ya kwanza au ya pili, mama akiwa kesharudi nyumbani Mathare au Eastleigh, na huja kwa upole unaodanganya.

Yakazuka maswali mawili tofauti, na hapa ndipo wasomaji wengi huyachanganya. La kwanza ni jinsi ya kumtibu mtoto aliyekwisha kuugua. La pili ni jinsi ya kuzuia asiugue.

Kwa la kwanza, watafiti wa Nairobi walielekea kwenye sindano. Mwaka 1984 walitangaza kwamba sindano moja ya kanamaisini inaweza kukimudu kisonono cha macho. Miaka miwili baadaye, katika New England Journal of Medicine, walilinganisha kanamaisini iliyofuatiwa na dawa ya kutia machoni na sindano moja ya miligramu 125 ya seftriaksoni, dawa iliyokuwa mpya na ghali. Watoto waliopata seftriaksoni walipona bila kutiwa marhamu yoyote. Zaidi ya nusu ya viini vilivyopimwa vilikuwa sugu kwa penisilini. Kwa muuguzi wa zamu maana yake ilikuwa kubwa. Tiba ya kale ilimtaka aoshe jicho na kutia matone kila saa, usiku na mchana, katika wodi ambayo muuguzi mmoja aliwahudumia watoto wengi mno. Sindano moja ilimaliza kazi ile, na ilikiua pia kiini kilichojificha kooni, mahali ambapo tone la jicho haliwezi kukifikia.

La pili walilijibu mwaka 1988, katika jarida lile lile. Pumwani, watoto 2,732 walitiwa ama nitrati ya fedha ama marhamu ya tetrasaiklini mara tu walipozaliwa. Miongoni mwa waliozaliwa na mama wenye kisonono, walioambukizwa macho walikuwa asilimia 7 kwa nitrati na asilimia 3 kwa tetrasaiklini. Ukilinganisha na ile asilimia 42 ya enzi ya kutotia chochote, nitrati ilipunguza maambukizi kwa asilimia 83 na tetrasaiklini kwa 93. Tofauti baina ya dawa hizo mbili haikutosha kitakwimu kusema moja imeishinda nyingine. Tofauti baina ya kutia na kutotia ilikuwa wazi kama mchana. Dhidi ya klamidia kinga ilikuwa dhaifu zaidi, asilimia 68 na 77, na hata hilo halikukubaliwa na wote: mwaka uliofuata utafiti wa Brooklyn, Marekani, haukuona matone yakiizuia klamidia kwa maana.

Klamidia inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo inayoamua ugomvi wa matone na dawa ya kunywa. Mtoto anapopita njia ya uzazi, kiini hiki hakimpati machoni peke yake. Humwingia puani, hukaa nyuma ya pua na koo, na baada ya wiki kadhaa kinaweza kushuka mapafuni na kuleta nimonia isiyo na homa, yenye kikohozi cha kukatakata kinachomfanya mama adhani ni baridi ya Limuru. Timu hiyo hiyo ya Nairobi iliwafuatilia watoto wa namna hii na kuandika juu yao mwaka 1988. Sasa mtie mtoto huyu matone. Jicho litakauka, mama atafurahi, na kiini kitabaki puani kikisubiri kurudi machoni au kwenda kifuani. Watafiti wa Marekani walikuwa wamelinganisha moja kwa moja erithromaisini ya kutia na ya kunywa mwaka 1982, na ile ya kunywa ndiyo iliyokisafisha kiini nyuma ya pua. Kwa hiyo kwa macho ya klamidia dawa hunywewa. Zamani ilikuwa erithromaisini mara nne kwa siku kwa siku 14, na yeyote aliyewahi kumnywesha mtoto wa wiki mbili dawa chungu anajua dozi ngapi huishia kwenye nguo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendelea azithromaisini ya kunywa, mara moja kwa siku, kwa siku 3. Kwa watoto wachanga erithromaisini imehusishwa pia na kuziba kwa mlango wa chini wa tumbo, na azithromaisini nayo haijaepuka kabisa shaka hiyo. Ndiyo maana dawa hizi hutolewa na daktari anayemtazama mtoto.

Tuondoke mjini sasa, tupande magharibi hadi Thogoto, kwenye hospitali ya Kikuyu. Idara yake ya macho ilianza mwaka 1975 na imewavuta wagonjwa kutoka kila pembe ya Kenya na ng'ambo ya mipaka. Mapema miaka ya 1990, daktari wake wa macho Mark Wood alishirikiana na Sherwin Isenberg na Leonard Apt wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kujaribu dawa ambayo kila muuguzi alikuwa nayo kwenye rafu lakini hakuifikiria kwa jicho la mtoto: povidoni-ayodini, ile ya kahawia inayopakwa ngozi kabla ya upasuaji, ikiwa imezimuliwa hadi asilimia 2.5.

Kwa miezi 30 watoto 3,117 walitiwa ama povidoni-ayodini, ama erithromaisini, ama nitrati ya fedha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Ugonjwa wa macho wa kuambukizwa uliwapata asilimia 13.1 ya waliotiwa povidoni-ayodini, asilimia 15.2 ya waliotiwa erithromaisini na asilimia 17.5 ya waliotiwa nitrati. Kwa klamidia pengo lilikuwa kubwa zaidi: 5.5, 7.4 na 10.5. Mzee Credé alishika mkia. Kilichonivutia mimi katika kazi hii si asilimia zenyewe, ambazo hazipishani mno, bali busara ya kuchagua dawa kwa mazingira. Povidoni-ayodini ni ya bei ya chini sana. Si antibiotiki, na viini havijajulikana kuijengea usugu kama vilivyofanya kwa penisilini. Tena hupaka jicho rangi ya kahawia kwa muda mfupi, hivyo mkunga anayeingia zamu hutazama na kujua mtoto gani ametiwa na yupi amesahauliwa. Katika leba yenye vitanda vilivyojaa, hilo ni jambo la maana kuliko tarakimu ya pili baada ya nukta. Baadaye, mwaka 2003, timu iliyomjumuisha Stephen Gichuhi wa Nairobi ilijaribu kutia tone la pili, na tone la pili halikuongeza kitu.

Ungetegemea Kenya iwe ya kwanza kuutumia ugunduzi wa Kikuyu. Haikuwa hivyo. Miongozo ya Wizara ya Afya inasema mtoto mchanga atiwe marhamu ya tetrasaiklini ya asilimia 1, dawa ya Pumwani, na si povidoni-ayodini ya Kikuyu. Sioni kosa kubwa hapo. Tetrasaiklini inafanya kazi. Nasikitika tu kwamba dawa rahisi iliyojaribiwa kwenye macho ya watoto wetu inatajwa zaidi na wageni kuliko sisi.

Wakati Nairobi ikipima matone, upande wa pili wa Vilima vya Ngong ulikuwa unasubiri vita vingine. Kajiado, Narok, Turkana, Pokot Magharibi, Baringo: huko trakoma, ambayo Tanzania huiita vikope, ilikuwa imewapofusha wafugaji kwa vizazi. Inaletwa na klamidia pia, ingawa ya aina nyingine, inayosambazwa kwa mikono, nguo na nzi wanaotua kwenye nyuso za watoto. Kwa miongo kadhaa tiba ilikuwa marhamu ya tetrasaiklini mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Mwambie mama mwenye watoto watano na mbuzi wa kuchunga awatie marhamu inayonata na kuziba macho mara 84 kila mmoja! Mwaka 1993 utafiti wa Gambia ulionyesha kwamba dozi moja ya azithromaisini ya kunywa inafikia wiki zote hizo 6: waliopona walikuwa asilimia 78 kwa dozi moja na 72 kwa marhamu. Dawa hiyo iliyogunduliwa Zagreb mwaka 1980 ikawa silaha ya dunia. Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer ilianza kuitoa bure kupitia mpango wa kimataifa wa trakoma, Tanzania ikiwa kati ya nchi za mwanzo, na dozi zilizotolewa zimepita bilioni 1. Katika kijiji cha Kahe Mpya, Rombo, huko huko Tanzania, dozi moja kwa karibu kila mtu iliyashusha maambukizi kutoka asilimia 9.5 hadi 0.1 katika miaka miwili, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004, ingawa wachache walioonekana kuugua waliongezewa marhamu.

Kwa trakoma, basi, dawa ya kunywa ilishinda, na sababu yake ni ya kibinadamu zaidi ya kikemia: humezwa mara moja mbele ya mgawa dawa, na huingia mwilini mwote. Hata hivyo marhamu haikufukuzwa. Watoto wa chini ya miezi 6 bado hupewa marhamu katika kampeni hizo.

Nimebakiza macho ya mtoto mkubwa, yule wa chekechea ya Kangemi au Lavington anayerudi nyumbani jicho jekundu. Hapa historia ina kejeli. Mara nyingi mtoto huyu hahitaji antibiotiki yoyote. Mlipuko wa macho mekundu ulioanzia Ghana mwaka 1969, ukaitwa Apollo kwa kuwa watu walikuwa wametoka kusikia safari ya mwezini, ulikuwa wa virusi. Ule uliokumba Mombasa na pwani mapema mwaka 2024 ulikuwa wa namna hiyo hiyo, na virusi havisikii matone wala sirupu ya antibiotiki. Hata bakteria wanapohusika, mwili hufanya kazi kubwa peke yake: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2005 ulihusu watoto 326, na siku ya saba walikuwa wamepona asilimia 86 ya waliotiwa kloramfenikoli na asilimia 83 ya waliotiwa matone yasiyo na dawa. Dawa ya kunywa huingia pale maambukizi yanapotoka nje ya jicho. Jicho jekundu likiandamana na sikio linalouma, daktari hutibu sikio kwa kunywesha. Kope likivimba, likawa jekundu na moto, na mtoto ana homa, hiyo ni dharura ya hospitali. Kinachonitia hofu zaidi ni matone yenye steroidi yanayouzwa kwa mtu yeyote anayesema jicho linawasha. Yanatuliza wekundu kwa saa chache, na kama kuna kidonda cha virusi vya malengelenge kwenye konea, yanakilisha.

Lipo jambo moja ambalo tafiti za Pumwani na Kikuyu zililisema kwa sauti na sisi tukalisikia nusu. Macho ya mtoto mchanga ni habari ya mama yake na ya baba yake. Kliniki zetu za wajawazito hupima Ukimwi na kaswende, jambo jema lililookoa wengi. Kisonono na klamidia bado hutambuliwa zaidi kwa dalili, na wanawake wengi wenye viini hivyo hawana dalili yoyote. Chama cha madaktari wa watoto wa Kanada kilishauri mwaka 2015 kwamba dawa ya macho iachwe kutiwa kwa kila mtoto, kwa hoja kwamba wajawazito wapimwe na kutibiwa badala yake. Kenya haiwezi kuiga sehemu ya kwanza kabla ya kutekeleza ya pili. Mpaka kipimo kifike Dagoretti na Pumwani kwa bei ambayo mama anaimudu, marhamu ibaki leba.

Nawe mzazi unayesoma haya, kama mtoto wako hajatimiza siku 28 na macho yake yanatoa usaha, usipite kwenye chemisti kununua matone. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na wewe na mwenzako mkapimwe na kutibiwa pamoja naye.